Baridi na Mvua Mlimani

Kila mwaka watu wengi wa vijiji vya Marangu, Machame, Umbwe na Rombo hupanda Mlima Kilimanjaro. Hawaendi kutembea. Wanakwenda kazini. Hubeba mizigo ya wageni: mahema, vyakula, mitungi ya gesi, meza na viti. Mgeni hukaa mlimani siku tano hadi nane, na mpagazi hukaa siku hizo hizo. Mgeni amejiandaa kwa miezi kadhaa. Mpagazi pengine ameitwa jana jioni.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Katika kambi yao ya juu alikuwapo mtu wa Pangani, jina lake Muini Amani. Alibaki kambini akilinda vitu, wakati wenzake wanapanda. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la minazini, alilala usiku baada ya usiku kwenye baridi ya kugandisha maji.

Wako wapagazi waliokufa kwa baridi katika mlima huu. Hawakufa kwa sababu ya uvivu wala udhaifu. Wengi wa wanaofikwa na hatari hii ni vijana wenye nguvu. Basi, ndugu mwanakisomo, tuone jinsi baridi inavyomwingia mtu. Maneno haya yanamfaa pia mchungaji wa Makete, mrina asali wa Uluguru, na kila anayelala nje wakati wa mvua.

Joto hupungua kadiri tunavyopanda. Kila tukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Mji wa Moshi uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Horombo iko karibu mita 3,700. Tofauti ni mita 2,800, yaani digrii 17 hivi. Ikiwa usiku Moshi kuna digrii 18, Horombo kuna digrii 1 tu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Huko maji ni barafu.

Lakini hatari kubwa haianzi kileleni. Inaanza chini, msituni. Upande wa kusini wa mlima ndio wenye mvua nyingi, na mvua hiyo hunyesha zaidi katika ukanda wa msitu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mpagazi anaweza kuloa siku ya kwanza ya safari. Haoni taabu, kwa sababu anatembea na mzigo mzito na anatoka jasho. Kesho yake anatoka msituni na kuingia mahali peupe penye upepo. Nguo bado zimeloa. Hapo ndipo baridi inapomkamata.

Fikiri juu ya mtungi wa maji wa udongo. Kwa nini maji ya mtungini ni baridi? Mtungi hutoka jasho. Upepo ukipiga, unyevu ule hukauka na kuchukua joto la maji. Mtu aliyevaa nguo zilizoloa kwenye upepo ni kama mtungi. Tena maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Kwa hiyo mtu mkavu anaweza kuvumilia baridi kali, na mtu aliyeloa anaweza kufa hata mahali ambapo maji hayagandi.

Nguo za kuvaa

Nguo nyingi za wapagazi ni mitumba, kama zile za soko la Memorial pale Moshi. Si vibaya. Mitumba mingi imetoka nchi za baridi. Jambo muhimu ni kujua kuchagua. Ndani ya nguo, karibu na shingo au ubavuni, pameshonwa kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kiingereza. Wewe sasa unajua kusoma. Ukiona neno cotton, hiyo ni pamba. Ukiona wool, hiyo ni sufi, manyoya ya kondoo. Ukiona polyester, hiyo ni nguo ya kiwandani isiyonywa maji mengi.

Pamba ni nzuri Moshi mjini. Mlimani ni adui. Inanyonya maji, inakuwa nzito, na haikauki. Suruali ya jinzi ni pamba. Sweta la sufi hutunza joto kidogo hata likiloa. Vaa nguo kadhaa nyembamba badala ya moja nzito, ili uweze kupunguza unapotoka jasho. Juu ya zote vaa koti la mvua. Usisahau kofia, glavu na soksi.

Nguo za kulalia ziwe kavu siku zote. Hili ni jambo kubwa kuliko yote. Zifunge ndani ya nailoni nzito, kama ile ya kupima kwa mita inayouzwa madukani, kisha ziweke katikati ya begi. Usitegemee mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Ukifika kambini vua nguo zilizoloa, vaa zile kavu. Asubuhi vaa tena zile zilizoloa, hata kama zinakuchoma kwa baridi. Ni taabu kweli, lakini ukitembea mwili utapata joto. Ukiziloanisha zile kavu, usiku utalala na nini?

Wako wanaoacha sweta nyumbani ili mzigo uwe mwepesi. Mimi nawaambia waache kitu kingine. Asiye na nguo aulize. Moshi upo mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003, na kuwaazima wapagazi nguo za mlimani ni moja ya kazi zake.

Kulala

Ardhi yenye unyevu hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Kwa hiyo cha chini ni muhimu kama cha kujifunika. Mwenye blanketi mbili na hana godoro, moja ailalie. Wazee wetu walitandika majani makavu ya migomba. Walijua. Majani makavu hushika hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoke. Mwenye mfuko wa kulalia asilale ndani yake na nguo zenye maji.

Mahema ya wapagazi hujaa watu, na joto la wenzako ni msaada. Lakini usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama moto umepungua. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, kisha haamki. Jiko la gesi nalo linaweza kutoa sumu hiyo mahali palipofungwa. Pikeni nje, au mahali penye hewa ya kutosha.

Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro moto wa kuni hauruhusiwi. Mahali pengine panaporuhusiwa, kuni kavu hupatikana hata mvua ikinyesha. Usiokote zilizolala chini. Vunja matawi makavu ambayo bado yako mtini. Yapasue, sehemu ya ndani ni kavu. Utomvu wa msonobari huwaka vizuri sana. Panga vijiti viwili vitatu kwanza, uwashe juu yake, si juu ya tope. Kibiriti kikae ndani ya chupa yenye kifuniko.

Chakula

Wengine hufikiri kwamba mtu aliyepotea porini kwanza atafute chakula. Sivyo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Baridi na maji huua kwa saa chache. Tafuta kwanza mahali pa kujikinga na upepo na mvua. Uyoga usioujua usiule. Ule mwekundu wenye madoa meupe, unaoota chini ya misonobari, ni sumu. Uko mwingine wa rangi ya kawaida kabisa unaoua, na kuuchemsha hakuondoi sumu. Kabla ya safari weka mfukoni sukari guru, karanga au mkate.

Dalili za hatari

Mwili wa mtu una joto la digrii 37. Likishuka chini ya 35, hatari imeingia. Kwanza mtu hutetemeka. Vidole vinashindwa kufunga kifungo. Anajikwaa, maneno yanamchanganya, ana hasira au hataki kuongea. Wenzake humcheka na kusema amelewa. Kisha anaacha kutetemeka. Watu hudhani amepata nafuu, kumbe hali imezidi kuwa mbaya.

Mwenyewe hajui kwamba anaumwa, kwa hiyo msimwulize kama yuko tayari. Mtoeni kwenye upepo. Mvueni nguo zilizoloa, mkausheni, mvisheni nguo kavu, mfunikeni kichwa. Mlazeni juu ya kitu kikavu, na mwenzake mkavu alale naye chini ya blanketi moja. Akiwa macho na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Asipewe pombe. Pombe huleta damu karibu na ngozi, mtu husikia joto, na joto lenyewe linatoka nje. Msimsugue mikono na miguu, wala msimsogeze kwenye moto mkali. Mbebeni polepole, maana moyo uliopoa hushtuka upesi. Mjulisheni kiongozi wa msafara na askari wa hifadhi, mgonjwa ashushwe.

Aliyepoa sana anaweza kuonekana kama maiti. Mwili ni mgumu, mapigo ya moyo hayasikiki kwa urahisi, pumzi ni ndogo mno. Wako waliopona baada ya kuonekana hivyo. Endeleeni kumfunika na kumshusha mpaka mganga amwone.