Kwa nini ni vigumu kuandika ukweli kuhusu wazazi wetu

FAMILIA nyingi nchini Kenya huandika historia yao mara moja tu, nayo ni usiku wa kuamkia mazishi. Kamati huketi sebuleni, kijana anayeimudu kompyuta hukabidhiwa kazi, na kufikia alfajiri wasifu wa marehemu huwa umeshafika kwa mpiga chapa. Humo marehemu huzaliwa, husoma, huoa, huajiriwa, hustaafu, huugua kwa muda mfupi na kufariki. Mke wa pili hupewa sentensi moja, akibahatika. Mwana aliyeondoka nyumbani na asirudi huorodheshwa miongoni mwa watoto bila maelezo yoyote.

Si vyema kuwalaumu waandishi wa vijitabu hivyo. Siku ya maziko watu huhitaji utulivu, wala si upekuzi. Hata hivyo, matanga yakiisha na viti vya kukodi vikirejeshwa, aghalabu husalia mtu mmoja katika ukoo ambaye haridhiki. Anataka kujua ni kwa nini baba hakuwahi kutaja jina la kakake, au ni kwa nini mama aliondoka nyumbani mwaka fulani na kurejea baada ya miezi sita. Mtu huyo ndiye huishia kuandika.

Wasomi wa fasihi huita tawasifu maandishi ambamo mtu husimulia maisha yake mwenyewe, na wasifu yale anayoandikiwa na mwingine. Kumbukumbu za familia zipo katikati. Mwandishi ni shahidi, lakini wahusika wakuu ni watu wengine ambao hawakumtuma kuwasema. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Mfano wa kale katika pwani yetu ni wa Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alizaliwa mwaka wa 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Wakati ambapo wasichana wa jumba la kifalme hawakufundishwa kuandika, yeye alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mnamo 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alitumiwa kama katibu katika njama ya nduguye Barghash ya kumpindua ndugu yao Majid. Njama iliposambaratika, Barghash alihamishiwa Bombay na ukoo mzima ukabaki umegawanyika.

Salme alitoroka kisiwani mwaka wa 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mjini Hamburg mnamo 1870 katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wachanga katika nchi ya baridi ambako hakuwa na jamaa. Aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, nazo zilichapishwa mnamo 1886. Hapo mwanzo hakukusudia kuziuza. Alitaka wanawe, waliolelewa Ulaya, wajue mama yao alitoka wapi.

Msomaji wa kitabu hicho hukutana na mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja kuna maelezo ya kina kuhusu vyakula, mavazi, mabafu na farasi wa Mtoni, yaliyoandikwa kwa shauku ya mtu anayeogopa kusahau. Upande wa pili kuna majuto kuhusu ile njama, kwani alimsaliti Majid, ndugu aliyekuwa mpole kwake, kwa ajili ya Barghash, ambaye baadaye alikataa kumpokea alipozuru Zanzibar mwaka wa 1885. Kwa maoni yangu, sura za njama ndizo zinazokipa kitabu uzito. Bila hizo kingekuwa orodha ya vitu vya kupendeza.

Je, mtu aliyeandika miaka ishirini baada ya kuondoka anaweza kuaminiwa? Utafiti wa saikolojia unatuonya tuwe waangalifu. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha katika kitabu chake cha 1932 kwamba akili haihifadhi tukio jinsi kabati linavyohifadhi faili. Kila tunapokumbuka, tunajenga tukio upya kwa vipande vilivyosalia, na kuziba mapengo kwa yale tunayoona yanafaa kuwa yalitokea.

Chombo cha anga za juu cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwataka wanafunzi waandike kesho yake jinsi walivyopata habari hizo. Zaidi ya miaka miwili baadaye waliwauliza tena. Wengi walitoa maelezo tofauti kabisa, tena kwa uhakika mkubwa. Hata walipoonyeshwa karatasi zilizokuwa na mwandiko wao wenyewe, walishikilia yale mapya. Wakenya wenye umri wa kutosha wanaweza kujipima kwa asubuhi ya Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu jijini Nairobi. Kila mtu ana kisa chake kuhusu alipokuwa, na ni wachache waliokiandika siku hiyo.

Kwa hivyo anayetaka kuandika kuhusu jamaa zake hana budi kutafuta nguzo nje ya kichwa chake. Wazee wetu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini hawakuishi bila kalenda. Waliokuwa hai watakueleza kama jambo lilitokea kabla au baada ya mafuriko makubwa ya 1961, au mwaka ambao watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, yaani 1984. Wengi wanakumbuka walikuwa wapi jaribio la mapinduzi lilipotangazwa redioni Agosti 1, 1982. Kipande ambacho babu alilazimishwa kuvaa shingoni wakati wa ukoloni kilikuwa na majina ya waajiri wake. Rejesta za ubatizo makanisani, risiti za karo na barua zilizofungwa kwa uzi ndani ya sanduku la bati zina thamani kuliko mahojiano kumi, kwani hazibadilishi kauli.

Ushahidi huo ukipatikana, hubaki suala la uchungu. Hapa nina neno kwa wale wanaoamini kwamba kuandika ni dawa ya papo hapo. Mnamo 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya utafiti ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza zaidi maishani. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika, walijihisi vibaya kuliko walivyokuwa. Tafiti nyingi zilizofuata ziligundua kwamba faida hiyo ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Anayeketi kuandika kuhusu kifo cha mtoto au kipigo cha baba afahamu kwamba juma la kwanza laweza kumnyima usingizi. Akiona usingizi haurudi kabisa, aache kalamu na amtafute mshauri nasaha.

Kuna waliosubiri miaka mingi. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alianza na riwaya. Hofu na mgawanyiko wa nyumba za Limuru wakati wa hali ya hatari vimo katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka wa 1964, lakini kwa majina ya kubuni. Alipochapisha kumbukumbu za utotoni, Dreams in a Time of War, ilikuwa 2010, naye alikuwa na miaka 72. Humo anamtaja Gitogo, nduguye wa baba mmoja, ambaye alikuwa kiziwi na aliuawa kwa risasi kwa kuwa hakusikia amri ya kusimama. Anasimulia bila kupaza sauti. Mwandishi mchanga angekijaza kisa hicho vilio na laana, na msomaji angelia kidogo zaidi kwa hilo.

Binyavanga Wainaina naye alitumia njia tofauti. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 2011. Januari 2014 akachapisha makala aliyoyaita sura iliyopotea ya kitabu hicho, ambayo ndani yake anafika kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Kisha anamfichulia msomaji kwamba hayo hayakutokea. Mama alifariki mwaka wa 2000, mwana akiwa Afrika Kusini. Makala hayo yalizua mjadala mkali nchini, na wengi waliyasoma kama tamko tu. Kwa jicho la mhariri, hayo pia ni somo la uaminifu. Mwandishi ana ruhusa ya kuwaza jambo ambalo angetamani liwe limetokea, mradi amwonyeshe msomaji mpaka kati ya tamaa na tukio.

Waliokwisha kufariki hawatapinga, ila walio hai watapinga. Shangazi atasema unaanika nguo za ndani barabarani. Wakati mwingine atakuwa na haki, kwani siri ya ugonjwa wake au ya mtoto aliyezaa kabla ya ndoa ni mali yake kwanza, na ni busara kumsomea ukurasa kabla ya kuupeleka popote. Wakati mwingine anamlinda aliyetenda uovu, na hapo mwandishi ataamua kama anaweza kustahimili kununiwa kila Krismasi. Katika miswada ambayo wastaafu huniletea ofisini ili niipitie, dosari kubwa si sarufi. Baba huwa hana kosa hata moja, au huwa hana jema hata moja, na katika hali zote mbili sioni mtu.

Kuhusu lugha, hakuna sababu ya kuona haya kuandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na marehemu Ken Walibora, ambaye wasomaji wengi wa magazeti walimfahamu, alisimulia maisha yake katika Nasikia Sauti ya Mama.

Aliye na mzazi hai asianze na maswali mazito. Simu ya mkononi hurekodi sauti vizuri kiasi cha kutosha. Mwulize mzee nyumba aliyozaliwa ilikuwa na milango mingapi, ulielekea wapi ule mkubwa, nani alilala karibu na moto na nani alilala mbali. Mwache azunguke humo ndani apendavyo. Akifika kwenye kitanda ambacho hataki kukitaja, usimkatize wala usimsukume. Andika saa na tarehe, kisha urudi juma lijalo.