Vielezi Viendavyo Viwili Viwili

Mgeni akisimama Mnazi Mmoja na kuuliza njia ya kwenda sokoni, ataambiwa: "Fuata barabara hii moja kwa moja mpaka Darajani." Akifika sokoni atamsikia mchuuzi wa samaki akiwatuliza wateja: "Mmoja mmoja, jamani!" Kauli zote mbili zimejengwa kwa kulikariri neno lile lile, lakini maana zimeachana. Moja kwa moja ni kwenda bila kupinda wala kusita. Mmoja mmoja ni kufuatana, kila mtu kwa zamu yake. Tena ile ya pili hufuata ngeli, ndiyo maana vitabu vikahesabiwa kimoja kimoja na samaki akauzwa mmoja mmoja, ilhali moja kwa moja haibadiliki, awe anakwenda mtu, gari au barua. Kijana wa Mji Mkongwe anayetembeza watalii akiigeuza moja kwa moja kuwa "one by one" atampoteza mgeni wake.

Jozi za namna hii zimo katika mazungumzo ya kila siku ya lugha nyingi. Kiingereza kina "here and there", "now and then", "back and forth" na nyingine tele. Mwaka 1959 mwanaisimu Yakov Malkiel alichapisha uchunguzi wake kuhusu jozi ambazo mpangilio wake haugeuzwi. Mwaka 1975 William Cooper na John Robert Ross wakaeleza mwelekeo mmoja mkubwa wa mpangilio huo: kilicho karibu na msemaji hutangulia, kilicho mbali hufuata.

Kiswahili nacho kinaufuata mwelekeo huo. Tunasema huku na huko, hapa na pale, hivi na vile, leo na kesho. Anayesema "pale na hapa" hajavunja sheria yoyote ya sarufi, lakini kila anayemsikia atajua kwamba lugha hiyo ameikuta ukubwani. Lakini ukija kwenye usiku na mchana, njia zinaachana kidogo. Mwingereza huanza na mchana aghalabu. Sisi tumezoea kuanza na usiku. Mpangilio huo unalingana na hesabu ya siku ya mwambao, ambamo siku mpya huingia jua linapotua. Kwa wazee wa Unguja, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa hesabu hiyo usiku ndio mlango wa siku, na jozi inaanzia mlangoni.

Kiungo cha katikati nacho kina kazi yake. Mara nyingi "na" huunganisha maneno mawili tofauti ili kutaja ukamilifu: kumsaidia mtu kwa hali na mali ni kumsaidia kwa kila ulicho nacho, na kutafuta huku na huko ni kutafuta kila upande. "Kwa" hupenda kusimama kati ya neno na pacha wake: bega kwa bega, uso kwa uso, nyumba kwa nyumba, hatua kwa hatua. Hapo maana ni kukabiliana au kufuatana. "Kwa" ikiwekwa kati ya maneno yanayopingana, huondoa ubaguzi: watu wakijitokeza wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyebaki nyumbani.

Kundi la tatu halina kiungo kabisa. Mashua zimerudi Malindi salama salimini. Fulani amesumbuka bure bilashi. Tutakumbukana daima dawamu. Neno la pili katika jozi hizi limetoka Kiarabu, na kazi yake ni kukaza maana ya la kwanza. Bilashi, kwa asili, ni "bila kitu", kwa hiyo bure bilashi ni bure isiyo na chembe ya faida. Ukiliondoa neno la pili taarifa inabaki, lakini uzito unapungua.

Yako pia maneno yanayoishi ndani ya jozi tu. Watu wakiandamana sako kwa bako tunaelewa hawaachani, lakini hakuna anayekwenda dukani kununua sako wala bako. Kiingereza kina mfano wake: katika "to and fro", hilo "fro" halisimami peke yake popote katika mazungumzo ya leo. Ndiyo maana kuivunja jozi ili kufasiri neno moja moja ni kazi isiyo na tija.

Mtego mkubwa kwa wanafunzi wetu ni mara kwa mara. Umbo lake linafanana mno na "from time to time", na wengi huzichukulia kuwa ni kitu kimoja. Sivyo. Anayefika Forodhani mara kwa mara amezoeleka pale. Wauza urojo wanamjua. Anayefika "from time to time" huonekana kwa nadra, mara mojamoja. Mwanafunzi akiandika "from time to time" katika barua ya kuomba kazi, akitaka kusema amefanya kazi ya hoteli mara kwa mara, mwajiri atasoma kwamba ameifanya kwa kubahatisha.

Unguja ina historia ndefu ya kufundisha lugha yake. Askofu Edward Steere alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewafundisha wageni Kiswahili na wenyeji lugha za kigeni.

Kwa walimu wa pande zote mbili nina ombi moja. Jozi ifundishwe nzima, ndani ya sentensi iliyosemwa na mtu, pamoja na mahali pake pa kutumika. Nawe mwanafunzi, ukikutana na jozi mpya usiandike neno moja daftarini. Andika sentensi yote kama ulivyoisikia, kisha itumie siku hiyo hiyo.