Safari ya Krismasi: Mama, Usiliachie Gari Baba Peke Yake

Desemba ikiingia, watu wa Dar es Salaam huanza kufunga mizigo. Wachagga ndio wanaotaniwa sana, lakini Wapare, Wasambaa na Wameru nao hawabaki nyuma. Barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same hujaa mabasi, malori na magari madogo ya familia. Hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, tena katika msimu wa joto kali. Wengi wetu hushughulika na zawadi za bibi na chakula cha njiani, habari za gari tukazihesabu kuwa za baba. Lakini watakaopanda gari hilo ni watoto wetu, kwa hiyo yafaa tuulize maswali.

Swali la kwanza liwe juu ya matairi. Joto, mzigo mkubwa na upepo mdogo ndivyo vipasuavyo tairi. Tairi kipara kila mtu hulitambua, bali tairi lililozeeka hudanganya macho. Tazama ubavuni, utaona namba nne za mwisho zimezungushiwa mstari wa umbo la yai. Zikiwa 2318, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la miaka 10 lisiende safari ndefu hata kama linang'aa. Magari yaliyotumika yatokayo Japani mara nyingine hufika na matairi ya namna hiyo. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upimwe asubuhi matairi yakiwa yamepoa, na tairi la akiba lisisahauliwe.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia safari. Breki zilizobadilishwa zinahitaji kujaribiwa hapa hapa mjini kwanza. Mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu nyekundu viwemo garini. Ni sheria, na askari wa barabarani watauliza. Na gari likichemka njiani, lizimeni, mshuke na kukaa mbali na barabara, msubiri lipoe kabisa. Nimewauguza watu waliofungua mfuniko wa rejeta ingali moto. Maji yale huruka usoni na kifuani, na kidonda cha moto hukaa wiki nyingi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi nikiwa muuguzi: mtoto kupakatwa kiti cha mbele. Mama huamini mikono yake itamzuia. Hata kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, gari likigonga hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto. Yeye ndiye hutangulia kwenye kioo, na mwili wa mama humfuata kwa nyuma. Ukifunga mkanda mmoja ninyi wawili, utamkandamiza. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake maalumu kilichofungwa kwa mkanda wa gari. Kichanga aelekezwe nyuma, na asiwekwe kamwe mbele ya ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Viti hivyo ni ghali, nakubali, lakini twanunua sare za Krismasi kila mwaka.

Nawe mjamzito funga mkanda. Usiogope kumbana mtoto. Ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu upite kati ya matiti.

Halafu usingizi. Baba ametoka kazini saa 11 jioni, amepakia mizigo, anataka kuondoka saa 4 usiku ili kukwepa joto na foleni. Mtu aliyekaa macho tangu alfajiri huendesha kama aliyekunywa pombe. Akisinzia kwa sekunde 4 tu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Kahawa na kufungua dirisha havitoshi. Mweleze mapema, mkiwa wawili chumbani, wala si mbele ya watoto mizigo ikiwa tayari: "Baba Neema, tulale, tuondoke saa 11 alfajiri." Mkishafika barabarani simameni kila baada ya saa 2, watoto wanyooshe miguu. Jihadharini zaidi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mwili wenyewe hudai usingizi. Tena dereva asimeze dawa za mafua au za kuzuia kutapika kabla ya kuuliza, kwani nyingi hulewesha.

Watoto wapeni maji mara kwa mara hata kama hawajaomba. Anayetapika garini apewe chakula chepesi, atazame mbele badala ya simu. Mkisimama dukani, msimwache mtoto ndani ya gari eti amelala. Juani, joto la ndani laweza kuongezeka kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10.

Mkikuta ajali, simameni mahali salama na pigeni 112. Anayetoka damu nyingi, bana jeraha kwa kitambaa safi wala usiachie. Majeruhi asiburutwe kutoka garini isipokuwa kuna moto au hatari nyingine, na aliyezimia asinyweshwe maji.

Januari mkigeuza, bibi atakuwa amewafungia ndizi, maparachichi na pengine magunia mawili ya mahindi. Kabla ya kupakia, pimeni upepo tena, na vizito viwe chini, si juu ya paa. Mikungu isiyoenea ije kwa basi.