Hukumu ya Mashine Haitoshi

Wachezaji wengi wa sataranji siku hizi, mchezo ukiisha, huikimbilia tarakilishi iwahukumu. Programu ya Stockfish ikiandika +1.00, mwanafunzi husadiki kuwa mweupe anaongoza kwa thamani ya askari mmoja. Sivyo tena. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, tarakimu hiyo humaanisha kuwa mweupe ana uwezekano wa takriban asilimia 50 wa kushinda, programu hiyo ikicheza dhidi ya nafsi yake. Ishara ni ile ile, maana imehama. Sisi wanaisimu twalijua sana jambo hilo.

Isitoshe, tarakimu husema hatua ni mbaya bila kusema kwa nini. Rai yangu ni kwamba mchezaji aandike kwanza alichokusudia, ndipo aiulize mashine. Hatua yake ikilaumiwa, airudie ubaoni na kumjibu mpinzani huyo kwa yale aliyodhani yangemwokoa, hadi aione adhabu kwa macho yake. Asipofanya hivyo, atakuwa amepata hakimu, wala hajapata mwalimu.