Umeme Ndani ya Sufuria ya Shea

Msimu wa shea ukifika, wanawake wa vijiji vya Arua na Koboko, Uganda, huamka mapema kuokota matunda yaliyodondoka usiku. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa hukaushwa, huvunjwa, hukaangwa na kusagwa hadi ziwe rojo zito la kahawia, kisha rojo hilo huchemshwa kwa maji. Mafuta hupanda juu, yakaenguliwa.

Yanapanda kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Lakini kwa nini hayachanganyiki, hata ukiyakoroga kwa mwiko mpaka mkono uchoke? Hilo ni suala la umeme.

Katika molekuli ya maji, oksijeni huvutia elektroni kwake na kuzipunja haidrojeni mbili. Upande mmoja hubaki na chaji hasi kidogo, mwingine chanya. Hiyo ndiyo dipoli. Nguvu yake, yaani momenti ya dipoli, hupimwa kwa debye, jina la Peter Debye, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1936. Maji yana 1.85. Upande chanya wa molekuli moja hung'ang'ania upande hasi wa jirani yake. Methani, ambayo molekuli yake inakaribia uzito wa ile ya maji, haina dipoli, nayo huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Maji husubiri mpaka 100. Molekuli za mafuta zina mikia mirefu ambayo karibu haina dipoli, kwa hiyo maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuyaacha nje.

Sasa mafuta yenyewe hushikana kwa nini, badala ya kutawanyika hewani? Mwaka 1930 Fritz London alieleza: wingu la elektroni halitulii. Likiegemea upande mmoja kwa kitambo kidogo, wingu la jirani nalo huegemea, na molekuli hizo mbili huvutana. Wepesi huo wa wingu kuvutwa upande huitwa polarizabiliti, na mkia mrefu una wingu kubwa.

Hapa ndipo shea ya kwetu inaponivutia zaidi. Miongoni mwa mikia hiyo ya mafuta, asidi ya steariki ina kaboni 18 zilizonyooka. Mikia yake hulaliana kwa ukaribu, mvuto ukaongezeka, ikayeyuka kwenye nyuzi 69. Asidi ya oleiki nayo ina kaboni 18, ila imepinda katikati, majirani hawakaribiani vizuri, na huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Shea ya Afrika Magharibi ina steariki nyingi, ndiyo maana huwa ngumu. Aina ya Nilotika, inayoota West Nile, Acholi na Sudan Kusini, ina oleiki nyingi zaidi. Mafuta yake, kwenye joto la mchana la Koboko, humiminika kutoka kwenye chupa bila kupashwa moto.