Twafunza Hesabu, Twasahau Ulimi

Mpwa wangu alirudi nyumbani Sultan Hamud mwezi wa Agosti akiwa amenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa. Kijana huyu ana shahada ya sayansi ya kompyuta. Alikuwa ameomba kazi ya uhandisi wa programu katika kampuni moja kubwa, akaitwa mahojiano mara nne, na mara ya nne akaambiwa asante.

"Mjomba," alilalamika, "jibu langu lilikuwa sahihi!"

Nilimwomba anieleze alivyojibu. Alichukua karatasi, akaandika mistari sita ya msimbo, akanisogezea bila kutamka neno. Papo hapo nikatambua kilichomwangusha.

Mahojiano ya kampuni hizi si yale tuliyoyazoea ya kuonyesha vyeti. Mwombaji hupewa tatizo, akatakiwa alitatue huku akisema kwa sauti kila analolifikiria: kwa nini amechagua njia hii, ile nyingine ina kasoro gani, na data zikiongezeka maradufu kazi itachukua muda gani. Sababu ipo. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja. Kazi ya mhandisi husomwa na mwenzake kabla haijakubaliwa, na atakayeirekebisha miaka mitano baadaye huenda wasijuane kamwe. Asiyeweza kueleza huwa mzigo kwa wenzake, hata awe hodari vipi.

Je, kijana huyu tulimfunza wapi kueleza? Darasani tulimwamuru anyamaze. Katika hesabu tulitia alama ya vema kwenye jibu la mwisho, tukafunga daftari. Alipojaribu kusema kwa Kikamba alivyofikiri, tulimwadhibu, ingawa ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao.

Jumapili hiyo nilimketisha mbele ya nyanyake, ambaye huuza pojo sokoni na hajawahi kugusa kompyuta. Nikamwambia amweleze, kwa Kikamba, jinsi ya kutafuta neno upesi katika kamusi ya kurasa 1,000. Akaanza kwa kusitasita: fungua katikati, neno likiwa mbele zaidi, achana na nusu ya nyuma, fungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Ukifanya hivyo mara kumi tu, utaufikia ukurasa unaoutaka.

Mama alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Na kama kurasa zimechanganyika?"

Kijana alishtuka. Hilo ndilo swali aliloulizwa mahojianoni akalijibu kwa kimya! Sasa alilieleza vizuri: itabidi kurasa zipangwe kwanza, au zitazamwe mmoja mmoja, kupanga kuna gharama, hivyo hakufai ikiwa unatafuta neno moja tu, bali kunafaa ukitafuta mengi.

Najua wako watakaosema kwamba mahojiano hufanywa kwa Kiingereza, basi Kikamba cha nini? Sikatai kwamba Kiingereza kinahitajika. Lakini anayeingia katika lugha ya pili bila mazoea ya kupanga hoja katika ile ya kwanza huingia mikono mitupu. Atakariri maneno, na mhoji atamtambua kwa swali moja tu la ziada.

Jambo hili si dogo kwetu. Microsoft ilifungua kituo chake cha wahandisi Nairobi mwaka wa 2019, nayo Google ikatangaza chake mwaka wa 2022. Kutoka Sultan Hamud ukielekea Nairobi utapita Konza, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia Januari 2013. Reli ilipopita hapa mwishoni mwa karne ya 19, babu zetu waliitazama kutoka kando. Je, wajukuu wao wataingia Konza kama wahandisi au kama mabawabu?

Mtaala wa umilisi umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Walimu wenzangu, tusiuache katika karatasi. Kila juma tutenge dakika kumi mwanafunzi asimame aeleze alivyolipata jibu, hata likiwa na kosa, na wenzake wamwulize. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu, mtafuteni nyanya.

Mpwa wangu ameomba kazi tena, na bado anangoja. Kila jioni nyanyake humwekea kigoda, akamwuliza leo ana tatizo gani.