Kustaafu na Kadi ya Matibabu

Mwalimu wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, akikaribia miaka 60 huwa na hesabu nyingi kichwani: kiinua mgongo, mabati, ng'ombe. Kadi ya matibabu huikumbuka akiugua.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Akistaafu, mradi ametimiza masharti ya Mfuko, huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake bila kukatwa tena. Watoto hawamo. Hapo wengi hushtuka, maana mzee wa kwetu hustaafu akiwa bado analea, na wajukuu wamejaa uani.

Hao nao watafutiwe bima mapema. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Nafuu kweli, lakini uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Wa kupelekwa Bugando, Mwanza, alijitafutia fedha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizia namna ya kuandikisha kaya chini yake.

Wapo wasemao mzee hutibiwa bure. Msamaha upo, kwa asiye na uwezo. Lakini dawa ikikosekana dirishani, huelekezwa duka la nje.

Kabla ya barua ya kustaafu, linganisheni majina ya kadi na ya cheti cha ndoa. Herufi iliyokosewa ni afadhali ionekane mshahara ukiwa bado unaingia.